Mama Mkwe Ananiombea Dua, na Kisima Chake Nimekikausha Mimi

Mshauri wetu, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni fundi wa pampu, kazi yangu ni kuvuta maji kwenye shimo la msingi wa ghorofa ili wenzangu wasijenge ndani ya matope, na shimo lenyewe limepakana na nyumba ya mama mkwe wangu, sasa tangu tuwashe pampu kisima chake kimekauka, ardhi ikatitia, ukuta wa chumba anacholala ukapata ufa, akaniita niuangalie, nikamwambia nyumba imezeeka, nikauziba kwa saruji, ukarudi, nikauziba tena, leo kidole kinaingia, na kila asubuhi nampelekea madumu manne ya maji kutoka kwenye pampu ileile, naye ananishika kichwa na kusema, "Mwanangu, Mungu angenipa wakwe wawili kama wewe ningetaka nini tena," mke wangu anajisifu kwa dada zake, nami naendelea kubeba madumu, maana nikisema ukweli ndoa itayumba na msimamizi wa ujenzi atanifukuza. Nifanyeje?

Mkwe Mwema

Mkwe Mwema,

Pole. Na hongera, maana si kila mtu anaweza kumkaushia mama mkwe kisima, akamrudishia maji kwa dumu na kupokea dua juu yake. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakumfikiria mtu anayeuziba kwa mkono huu na kuupanua kwa ule. Eti nyumba imezeeka. Ilizeeka wiki ileile mliyowasha pampu?

Unaogopa ndoa itayumba. Ndoa huyumba ikasimama tena. Ukuta hauna tabia hiyo, na chini yake analala mama wa mkeo. Nakuonea huruma, lakini yeye namwonea zaidi.

Leo hii hamisha kitanda chake, na usimdanganye kwamba unataka kufagia. Kisha nenda kwa injinia wa ghorofa hilo, umwonyeshe ufa na kisima. Yeye ndiye wa kusema pampu ipunguzwe vipi, ukuta uwekewe mihimili wapi, na maji yarudishwe ardhini upande gani. Usijitie ushujaa wa kuizima pampu mwenyewe, shimo likijaa ghafla utawazika wenzako. Wakikufukuza, fundi wa pampu hakosi shimo.

Madumu usiache kupeleka, hata akinuna. Ila la kesho mkabidhi mkononi, mkeo akiwepo, na kabla hajakushika kichwa mwambie, "Mama, haya ni maji ya kisima chako."