Nilimfundisha Mume Wangu Majibu ya Kipimo cha Kusahau

Mpendwa mshauri, naomba msaada ingawa naandika huku nacheka peke yangu, maana hapa Mbebe wamekuja watafiti wa afya za wazee, wanapima presha, sukari, magoti, na mwisho wanakutajia maneno matano, mnaongea kidogo habari za shamba, kisha wanakuomba uyataje, mimi nikayataja yote, ila mume wangu Asajile, miaka sabini na tatu, zamu yake ilikuwa wiki iliyofuata na siku hizi anasahau, nikaona atatuaibisha kwa wageni, basi yale maneno nikayatia sauti ya kwaya, jembe, kanisa, maharage, mvua, kuku, tukawa tunaimba tukipukuchua mahindi, tunacheka mpaka machozi, sijafurahi hivyo tangu niolewe, na siku yenyewe akayataja yote matano hata kabla hajaulizwa, mtafiti akampa mkono, akamwambia, "Mzee, una kichwa cha kijana," wanakwaya wenzangu waliokuwa wakisubiri zamu zao wakapiga vigelegele, sasa anatembea kifua mbele, ila juzi nilimtuma kwa binti yetu Yunisi, nyumba ya tatu tu, nikamkuta kwa watu wengine kabisa, ameshiba, anamwita mwenye nyumba mwanangu, nikacheka, nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani, na watafiti wanarudi Alhamisi, nikisema watamwona mjinga, nikinyamaza moyo hautulii, nifanyeje?

Enesi, Mbebe, Ileje

Mama Enesi, nimecheka mpaka wenzangu ofisini wamekuja kuuliza kuna nini. Nilipofika pale Asajile alipopotea nyumba ya tatu, kicheko kikakatika.

Wewe mama! Ulidhani ni mashindano ya kwaya? Wale wanataka kujua wazee wa huko wanasumbuliwa na nini, na kwa sababu yako wameandika kwamba mumeo hasahau. Sasa nani atamtibu? Kusahau si ujinga. Wakati mwingine kunaletwa na dawa anazomeza, au upungufu wa damu, au huzuni, na hayo yana tiba. Hata kama ni ugonjwa wenyewe, ni heri mjue mapema mjipange. Najua ulifanya kwa kumpenda, lakini umekosea.

Leo hii zungumza naye kwa upole, usimvizie. Alhamisi mweleze mtafiti yote, wimbo pia, na umwombe ampime kwa maneno mengine. Msiondoke bila kuandikiwa barua ya kwenda kwa daktari. Kuimba endeleeni, tena kila siku.

Ila akiingia kupimwa, wewe kaa nje ufunge mdomo, hata ukimsikia amekwama. Akikwama ndipo watajua pa kumsaidia.