Mahindi Kando ya Reli

Columbia Heights,
Jumapili, mwanzo wa mwezi wa tisa.

Kwako mume wangu mdogo Anselm,

Huna haya. Nimeanza hivyo makusudi. Jumapili saba nimezihesabu hujakanyaga hapa, na kutoka huko kwako Saint Paul ni treni moja na basi moja. Mimi mwenye goti bovu nimekwenda mpaka Oakdale kumpa pole Rahab aliyefiwa, nikarudi siku hiyohiyo. Wewe mwenye miguu mizima unanitumia kwenye simu vile visura vya kucheka. Visura havinywi chai.

Haya, salamu. U mzima? Unakula chakula cha moto au bado unashindia mkate? Mimi ni mzima, presha imeshuka, goti ndilo linalonijulisha mvua kabla ya redio. Mama yako Irene hajambo, anatoka kazini kule kwa wazee miguu imemvimba, ila hajambo. Shule sikwenda hata siku moja, unajua, herufi nilizipatia kwenye kitabu cha nyimbo kanisani, kwa hiyo nikikosea wewe soma tu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, na haya ninayotaka kusema hayataki kukatizwa.

Unayakumbuka mashamba yetu kule nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwa gari, tunakokodi vipande sisi kina mama wa hapa pamoja na wenzetu Wakongo. Unajua pia kwamba njia ya kuingia ni moja, ile tambuka reli, pa kuvukia vyuma kwa gari, isiyo na taa wala geti. Upande wa pili ni bwawa tupu. Mwezi wa saba Serah alikuwa anavuka na gari lake, kina mama watatu ndani, mimi mmojawapo, treni ya nafaka ikatutokea ubavuni. Ilipiga honi mpaka meno yakaniuma. Ilipita nyuma yetu karibu hivi, ningenyoosha mkono ningeigusa. Dereva wa treni aliandika kwa wakubwa wake kwamba hakutuona, kwa sababu pembeni ya reli, kwenye ardhi ya reli yenyewe, mtu amepanda mahindi na yamerefuka kuliko gari.

Ikaja barua. Bodi ya reli ilikuwa inafikiria kuifunga ile njia kabisa. Ikifungwa hatuna shamba, hatuna matembele, hatuna pa kukutana. Na watu wakauliza, nani kapanda? Kipande kilicho jirani na reli ni cha Murhula, baba yake Gentille wako. Basi wakasema ni yeye. Murhula akakana mara moja, hakurudia, unajua alivyo mpole. Wakaacha kumsalimia. Na mama yako akasema hapa mezani, wewe ukiwa umekaa palepale, kwamba mtu anayeweza kuua kina mama kwa tamaa ya magunzi binti yake haingii nyumba hii. Ukaweka kijiko chini, ukavaa viatu, ukatoka. Najua basi kwa nini huji. Nimekugombeza kwa sababu nimekukosa, na kwa sababu kukugombeza ni rahisi kuliko yanayofuata.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nane tukaenda kwenye mkutano wa hiyo bodi. Leah wa kwaya alitupeleka ili atutafsirie. Anselm, mimi nimekulia karibu na reli. Kwetu reli ilikuwa ya serikali, na mtu kama mimi kazi yake ilikuwa kuitazama ikipita. Nilifikiri tutakuta maofisa na tai zao watuambie imeshaamuliwa. Tukakuta chumba kidogo nyuma ya kituo cha zimamoto, kahawa kwenye birika kubwa, na watu watano wanaofanana na wakulima kwa sababu ni wakulima. Leah akanieleza kwamba kampuni kubwa iliitupa ile reli zamani, ikawa inaoza, na wananchi wa kaunti ile wakakubali wenyewe kuongezewa kodi ili waitunze iwabebee nafaka. Kwa hiyo ni yao, na wanaiuliza habari zake kama mtu anavyomuuliza mtoto wake ametoka wapi.

Mzee mmoja mwenye mikanda ya suruali mabegani alisimama kuuliza habari za mataruma manne tu, manne, magogo ya chini ya reli yaliyooza karibu na daraja. Nikangoja wamcheke. Wakafungua daftari, wakamwonyesha siku yalipobadilishwa na nani aliyekwenda kukagua. Mzee hakuridhika, akauliza tena, wakamjibu tena, wala hakuna aliyenuna. Mwenyekiti wao ni mama mmoja wa Kizungu mwenye miguu mikubwa kama ya mwanamume, na sasa najua imekuaje, maana kila mwezi anaitembea reli nzima kwa siku mbili akigongagonga vyuma kwa fimbo. Nilimpenda palepale. Nilitamani watu wetu wote wamwone jinsi anavyotunza kitu ambacho si chake peke yake.

Ilipofika zamu yetu, bwana mmoja akasema hawa ni watu wa mjini, kodi ya hapa hawalipi, kwa nini tunapoteza muda. Mwenyekiti akamuuliza bwana huyo, je, mwenye shamba tunayekodi kwake hulipa kodi kwa fedha za nani? Bwana akakaa. Mwenyekiti akasema tuna dakika tatu kila mmoja, sawasawa na yeye.

Murhula akasimama wa kwanza, kofia mkononi. Leah alikuwa anatafsiri lakini mimi nilimsikia kwa masikio yangu.

“Miye sikupanda. Lakini kama njia inafungwa juu yangu, nitatoka, shamba nitaacha. Bamama muwaache bapite.”

Akakaa. Hakumtazama mtu.

Sasa Anselm, sikia. Yale mahindi ni yangu.

Niliyapanda mwezi wa tano, wenzangu wakiwa wamepumzika wanakula. Niliuona ule ukanda wa udongo mweusi umelala bure, na kwetu tulikuwa tunalima mpaka kwenye kokoto za reli, hakuna anayeuliza. Nikasema Mungu hapendi udongo ukae bure. Mistari sita. Mbegu nyeupe nilizoletewa na mama mchungaji. Na treni ilipotukosa, nilijua palepale nikiwa bado nimemshika Serah bega. Nikanyamaza. Niliogopa kunyang'anywa kipande changu, niliogopa kina mama wataniona bibi mjinga aliyetaka kuwaua. Murhula alipoacha kusalimiwa nilinyamaza. Mama yako aliposema yale maneno mezani, nilikuwa natafuna, Anselm. Niliendelea kutafuna. Wewe uliondoka nyumbani kwa ajili ya kosa la bibi yako, na bibi yako akakuangalia ukifunga kamba za viatu.

Nilisimama, nikashika kiti. Nikamwambia Leah atafsiri kama nilivyosema, asinipambe.

“Mahindi ni yangu. Huyu baba hana kosa. Mimi nimenyamaza kwa woga.”

Mwenyekiti hakunifokea. Aliuliza ni mistari mingapi, nikamwambia. Akauliza kama naweza kuyakata, nikasema hata leo. Wakajadiliana mbele yetu, hawakwenda chumba cha pembeni. Wakaamua njia ibaki, pakisafishwa ndani ya siku kumi, na wao wenyewe watakuja kutazama. Wakaandika jina langu kwenye daftari la mkutano, pamoja na nilichosema. Lipo pale, yeyote anaweza kwenda kulisoma. Sioni aibu. Nikifa liwepo.

Nikayakata mwenyewe, yakiwa yametoa ndevu, bado hayajakomaa. Yaliniuma. Murhula alikuja, akalichukua panga langu, akalinoa, akanirudishia. Hakunisaidia kukata, na alifanya vizuri. Nilimwomba msamaha mbele ya kina mama wote. Akaniambia ameshasikia kule kwenye mkutano, nisijichoshe. Jumamosi ile bodi ikaja, wote watano. Mwenyekiti akapanda juu ya gari lao la reli, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaandika kwamba njia inaonekana.

Mama yako nimemweleza yote. Alilia, halafu akanikasirikia siku mbili, haki yake. Lakini kwa Murhula bado hajaenda. Anasema ataanzaje.

Nisalimie wote wanaokufahamu, umsalimie na mke mwenzangu Gentille, mwambie bibi hana macho ya kumtazama ila anamtamani. Mungu akulinde na magari.

Jumapili ijayo ukija, usije peke yako. Waje Gentille na baba yake. Mama yako atakapofungua mlango, wewe nyamaza. Usimsaidie neno hata moja.

Ni mimi bibi yako,
Ikupa