Kaka, Umeme Ulikatika Kweli Kisarawe

Kwako kaka yangu Deo, uliyeko Mwanza,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitufundisha kumwamkia mkubwa hata ukiwa umenuna. Baada ya hapo usitegemee adabu nyingi. Barua hii naiandika wazi, wachezaji wote wa ligi yetu waisome, kwa kuwa ulichomfanyia Zuhura ulikifanya mbele yetu sote.

Unakumbuka ligi ilivyoanza? Ulikuwa bado nasi nyumbani Pangani, umemaliza chuo na kazi hujapata, mimi nasoma kidato cha nne. Simu yenye nafasi ya kuweka gemu ya mpira ilikuwa moja tu, ya kwako. Ukishaongoza mabao ya kutosha ulikuwa unanipa nicheze kipindi cha pili, na nikiharibu unasema ni wewe uliyeteleza. Ukawakusanya watu kidogo kidogo kwenye kundi la simu: rafiki zako wa Tumbi, vijana wa viwandani Zegereni, halafu wale wa Kisarawe wenye maneno mengi, mpaka tukawa na ratiba na fainali. Baba akauliza, "Huo mpira wenu wa vidole utawafikisha wapi?" Ukamjibu, "Angalau huu hauvunji mguu, baba." Alicheka mpaka akasahau kutugombeza.

Halafu ikaja ile jioni umeme ulipokatika ukiwa unaongoza. Mnara wa simu nao ukazima, mtandao ukapotea, na gemu ikakuhesabia umefungwa. Mpinzani wako akashangilia kwenye kundi kana kwamba kakufunga yeye. Nilikukuta barazani umeinama, machozi yanakulengalenga, ukaniambia, "Mdogo wangu, huu si uungwana." Nilikuonea huruma sana siku ile.

Kundi likapiga kura, ikazaliwa sheria ya umeme. Ukikatika, mechi inachezwa upya na mabao yaliyokwisha kuingia yanabaki. Ila lazima jirani, si ndugu, atume sauti kuthibitisha. Shahidi wa kwanza kabisa alikuwa wa kwako, Mama Upendo wa nyumba ya pili. Alirekodi huku akifukuza kuku: "Nyie watoto, huku giza totoro! Mrudishieni Deo mpira wake!" Watu walicheka wiki nzima, lakini hakuna aliyethubutu kusema Mama Upendo ni muongo. Siku hiyohiyo ukataka tuongeze sheria nyingine, kwamba hakuna sheria itakayobadilishwa bila kura. Wewe ulikuwa unatamka, mimi naandika.

Kisha ukapata kazi Mwanza, na nilifurahi kuliko wewe. Ukaanza kutusimulia mtandao wa ofisini kwenu usiokatika hata mvua ikinyesha mawe. Sikujua kwamba huko ndiko utakakotusahau. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, kaka, na wewe umeshiba juzi tu.

Fainali ya mwaka huu ulikutana na Zuhura. Wote tunamjua, fundi cherehani wa Kisarawe, anacheza huku pini ziko mdomoni. Alikuwa anakufunga mbili bila. Mvua ikaja, umeme ukaenda, Zuhura akapotea mchezoni. Mtandao uliporudi akafanya kila kitu kama sheria inavyosema. Jirani yake, Bi Mwajuma, mtu mzima asiyejua hata gemu ni mdudu gani, akatuma sauti kwa upole: "Asalaam aleikum wanangu. Huku umeme hatuna toka alasiri. Huyu binti hasemi uongo."

Ukajibu nini? "Hao mashahidi wa kukodi. Aliyetoka mchezoni amefungwa. Sheria ya umeme nimeifuta." Nimeifuta! Wewe nani? Ukajitangaza bingwa, ukafunga kundi ili tuandike maadmini tu. Nikiwa admini mwenzako nikauliza, "Kaka, kura iko wapi?" Ukaninyang'anya uadmini. Zuhura alipokufuata pembeni kukuuliza kwa heshima, ukamwondoa kabisa kundini.

Deo, ulimwita Bi Mwajuma muongo. Mwanamke wa rika la mama yetu, ambaye hakukuomba chochote, aliyeacha shughuli zake akasema alichokiona. Mama Upendo alipokusemea wewe ulikuwa ukweli mtupu. Bi Mwajuma alipomsemea Zuhura ni wa kukodi. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nina hasira nawe mpaka nikikumbuka ulivyokuwa unanipa simu yako nicheze, nakasirika zaidi, maana najua hukuwa mtu wa namna hii.

Zuhura alinipigia. Hakulilia kombe. Alisema, "Dada, mimi nimeitwa tapeli mbele za watu. Nusu ya wateja wangu wamo mle ndani. Sasa nani ataniachia kitambaa chake?" Nilibaki nasema pole, pole, kama vile kafiwa.

Labda hujui kilichofuata, maana ulishalifunga kundi, hata lilipobaki tupu usingesikia kitu. Watu walitoka mmoja mmoja. Tumefungua kundi jingine, sheria ni zilezile tulizoandika barazani, na Zuhura ndiye mtu wa kwanza tuliyemwingiza. Kura ya kwanza iliamua fainali ichezwe upya, ikianzia mbili bila.

Jana mama aliniuliza mbona sipokei simu zako. Nikamweleza yote. Akanitazama, akauliza, "Deo huyu wangu?" Kisha akarudi jikoni kutazama chakula.

Asubuhi hii ombi lako la kujiunga limeingia. Admini ni mimi. Ni kugusa mara moja tu na wewe umo ndani, na hakuna atakayenilaumu, maana wote wanajua ni kaka yangu. Nimekaa na simu mkononi na kidole kimeniwasha, si uongo. Lakini sikukuingiza, wala sikukukataa. Nimelipeleka ombi lako kwenye kura, na Zuhura naye anapiga.

Kura yangu nimeshapiga. Nimesema hapana, mpaka umwombe radhi Bi Mwajuma kwa sauti yako mwenyewe, na sote tuisikie.

Mungu akulinde huko uliko, maana mimi kwa leo siwezi,

Mdogo wako