Nilivyompita Mzee Hilali kwa Baiskeli

Mudathiri, soma hii kabla hujakutana na mtu yeyote wa Kasulu.

Ile filamu ya vichekesho, ya mbio za baiskeli za mwaka 1958. Leo tulipiga picha, mimi naigiza bingwa. Kaptula pana, baiskeli ya zamani niliyoiunda mwenyewe, kila kitu sawa.

Niko mbele, naukaribia utepe. Nani kasimama kando ya barabara? Mzee Hilali, baba yake Asmahani ninayemposa!

Nikashuka. Ningefanyaje? Hapa kwetu nani anampita mkwe akiwa juu ya baiskeli? "Shikamoo, baba."

Nyuma yangu washindani wote wakashuka. Vijana kumi na mmoja wa Makere, wamepanga foleni wanamwamkia.

Dairekta akapiga kelele: "Bingwa, unashuka kwenda wapi?"

"Namsalimia mkwe."

"Huu ni mwaka hamsini na nane! Mkwe wako hajazaliwa!"

Mzee akajibu taratibu: "Nimezaliwa hamsini na moja."

Tukarudia. Safari hii nikampita. Nilimpita, Mudathiri! Hata mkono sikuinua.

Akanifuata na fimbo mpaka kwenye utepe: "We kijana, ndiyo unamtaka binti yangu?" Kamera inaendelea. Dairekta anacheka mpaka kakaa chini.

Sasa mzee kapewa nafasi kwenye filamu: baba anayemkataa mchumba wa binti yake. Kaniambia kwa upole, "Ijumaa njoo nyumbani tufanye mazoezi."

Ijumaa ndiyo siku ya jibu la posa.

Wewe ndiye mshenga wangu. Nenda kamuulize, atanijibu kama mkwe au kama mwigizaji?