Upinde wa Kwanza wa Kujifunzia

Salwa wee, leo nimeaibika!

Nimeenda sokoni Kwa Mrombo kununua upinde wa kujifunzia kupiga mishale. Nikakamata ule mkubwa mweusi, si unanijua. Nimevuta mpaka macho yakanitoka, haukufika hata nusu. Soko zima likacheka!

Uwesu, muuzaji wa vifaa vya michezo vya mitumba, akanipa mwepesi wa mbao. "Vuta, shikilia hapo hapo, piga stori na mwenzako. Ukiongea bila mkono kutetemeka, dada, huo ndio wako."

Mwenzangu yupi sasa? Nimeshikilia upinde, watu wananikodolea macho, sina wa kuongea naye tangu uondoke!

Nikajikuta nasema kwa sauti, "Salwa, huko Maskati umekula?"

Umekula! Mbele ya watu wote wale!

Mkono ulitulia tuli, shoga. Sauti ndiyo iliyotetemeka.