Mwenye Tochi Hukaa Nyuma

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Olmotonyi tu wazima, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kwa nini nilikupa tochi wakati simu yako ina taa.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, jioni moja nilimsindikiza mama mkwe wangu. Nilitangulia na tochi mpya, nikijimulikia njia kwa maringo. Nyuma yangu akatumbukia mferejini. Nilimvuta akiwa tope tupu, nikingoja kugombezwa. Akasema tu, "Mwanangu, mwenye tochi hukaa nyuma, amulike miguu ya mwenzake."

Nawe nakujua, ukishika simu macho hubaki humo humo.

Siku hizi mimi sioni vizuri. Ukija Krismasi, njoo na tochi. Nitatangulia mimi.

Bibi yako