Nilimwitikia Mdogo Wangu Mpaka Komoro

Jumapili. Hapa Kongowe mvua imeanza alfajiri, ikakatika, ikaanza tena, kama mtu asiyejua anataka nini. Na mimi leo ndivyo nilivyo. Uwanja nimeufagia ukiwa umelowa. Maharage nimeyaunguza. Simu nimeishika, nikaiweka, nikaishika tena.

Kesho asubuhi mdogo wangu Siwema anatoka Kisarawe kuja huku, tuongozane kwenda kufuatilia pasi za kusafiria. Anataka tukavizunguke visiwa vya Komoro, mwezi mzima na nusu. Mimi na yeye.

Na mimi nilishakubali.

Ngoja nieleze, maana hata mwanangu Rehema, aliyenifungulia ukurasa huu, ananiuliza, "Mama, ilikuwaje?" Siwema alifiwa na mumewe. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani na nguo nyeupe, hakuna udi, hakuna marashi, hakuna kutoka. Kila Jumamosi nilikuwa nafunga genge langu la mboga mapema, nabeba mihogo na samaki wa kukaanga, nakwenda kushinda naye. Kwenye upweke ule akawa anaangalia video za mama mmoja wa Nzwani, huko huko Komoro, anapika na kuonyesha shamba lake la mlangilangi. Anasema wanaongea kama sisi ila unaelewa neno moja, mawili yanakupita. Yaani mtu aliyekatazwa manukato amekaa kutwa anatazama shamba zima la manukato. Safari ilianzia hapo.

Sasa kwetu mfiwa habishiwi. Akisema kuna baridi, unafunga dirisha huku jasho linakutiririka. Basi akasema, "Dada, tuanzie Ngazija." Nikasema tuanzie. "Halafu Mwali, tukaone kasa wanavyopanda kutaga." Tukaone. "Nzwani wiki mbili." Nikasema hata tatu.

Hiyo wiki ya tatu niliiongeza mwenyewe!

Nilijua ni maneno ya msiba, yataisha na msiba. Hata Baba Rehema alicheka, akasema, "Mwache azunguke dunia akiwa mkekani, inamsaidia."

Ijumaa ametoka eda. Tumemwogesha, tumemfukiza udi, amevaa gauni la kijani, jamani akapendeza. Sahani za pilau zinapita, yeye akapaza sauti mbele ya wanawake wote: "Jumatatu mimi na dada tunakwenda kufuatilia pasi." Shangazi akanigeukia. "Na wewe Mama Rehema unakwenda?" Pilau imenijaa mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu hiki!

Hapa niseme ukweli. Naogopa. Mimi niliishia darasa la saba, na ndege sijawahi hata kuisogelea. Boti nimepanda mara moja tu, ya kwenda Unguja, nikatapika mpaka nikawa natapika hewa. Na huko Ngazija kuna mlima wenye moto ndani yake, watu wanalala chini yake kama hakuna kitu. Nikiumwa nitamweleza nani, kwa maneno gani? Genge nikilifunga, wateja watazoea kwingine. Baba Rehema hajui hata chumvi inakaa wapi humu ndani.

Lakini hayo siyo yanayonikosesha raha leo. Siwema amekonda, ana uso wa mtu aliyetoka kuugua. Ijumaa ndiyo mara ya kwanza nimemwona anacheka mpaka anashika mbavu. Nikimwambia kwamba zile ndiyo zangu zote zilikuwa za kumbembeleza, si nitakuwa nimemtia msibani mara ya pili?

Na nisipomwambia, kesho nitampeleka kuchukua pasi ya safari ambayo mwenzake hayumo.

Jioni mvua ilipotulia nikakaa kwenye ngazi ya mlango, nikasoma Bismillahi, nikapiga.

"Siwema, mwenzio nina neno."

"La safari hilo."

"Umejuaje?"

"Dada, ulikuwa unaitikia kama mtu anayeitikia dua. Amina, amina. Mimi tangu Ngazija nilishajua."

"Sasa mbona ukawa unaendelea?"

"Nikawa naongeza visiwa nione utakataa wapi. Wewe ukaniongezea wiki!"

Tukacheka, sisi. Halafu sauti yake ikashuka. Akasema kuna siku aliwaambia waliompikia kwamba mchuzi una chumvi nyingi. Haukuwa na chumvi hata punje, alikuwa anawajaribu tu. Wote wakasema kweli, leo chumvi imezidi, pole. "Siku ile dada nilijiona mimi ndiye niliyekufa. Ukishazikwa hakuna anayekubishia. Naomba wewe unibishie. Wewe hujawahi kunikubalia kitu tangu tuko watoto."

Machozi yalinitoka, sitaki kusema uongo. Nikayafuta kwa kanga, nikambishia.

Nikamwambia boti sipandi, hata anifunge kamba. Mwezi na nusu huko siyo kutembea, ni kuhamia. Wiki nne zinatosha kabisa. Huo mlima aupande yeye, mimi nitamsubiri chini na chupa ya maji.

Akawaka! "Visiwa utavizungukaje bila boti, utaruka?"

"Si kuna ndege ndogo."

"Unaogopa kubwa, utapanda ndogo?"

"Ndogo haiendi juu sana."

"Nani amekwambia?" Akacheka kwa hasira, akaniita mkaidi kama bibi yetu mzaa mama, na mimi nikamwita king'ang'anizi, akanikatia simu. Kabla sijanyanyuka akapiga tena, kumbe kuna moja la kunisema alilisahau. Ilikuwa sauti yake ile ile ya tulipokuwa tunagombania kanga. Nilikuwa sijaisikia tangu msiba.

Ameshalala sasa, nafikiri. Mimi ndiyo nimekaa na simu hii, nayarudia tuliyosemezana moja moja. Nimebishia boti. Nimebishia mlima. Nimebishia siku.

Kwenda kwenyewe sikubishia.

Sijui lilinitokaje hilo. Niliinua simu nikisema moyoni leo najitoa, nikaiweka chini nikiwa nachagua ndege. Moyo unanidunda, na sijui kama ni wasiwasi wangu wa siku zote au ni kitu kingine ambacho sijawahi kuwa nacho, sina jina lake. Kukicha nampokea mdogo wangu pale kituoni Kwa Mathias, twende tukafuatilie pasi mbili. Na la boti bado sijakubali.